Shingo ya Miguu Mitatu

Mzee aliyesimama mlangoni kwetu Jumatano ile asubuhi alikuwa amekumbatia chupa kubwa ya pombe ya mchele. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa cha buluu na kuiinamia ili isipigwe na mvua, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Mama Kikuno, mwenye nyumba yetu ya geisha, alimchungulia kupitia mbao nyembamba za mlango, kisha akarudi nyuma.

"Minori," aliniita kwa sauti ya chini. "Kuna mlevi nje. Mwambie nyumba hii haipokei wageni asubuhi. Na jioni haitampokea yeye."

Asubuhi ile hatukuwa na nafasi ya mlevi. Hata chai hatukuwa tumekunywa. Juu ghorofani, nyuma ya mlango wa karatasi, Natsume alikuwa amejifungia na uso uliovimba, mwekundu kama pilipili, na siku yake ilikuwa Jumapili.

Katika mtaa wetu wa Kyoto, msichana akishajifunza ngoma, chai na adabu kwa karibu mwaka mzima, hufika asubuhi moja akapewa jina jipya, akapakwa weupe na kutoka mlangoni mbele ya watu akiwa maiko, mwanafunzi wa geisha, wale wanawake watumbuizaji wa ngoma na nyimbo. Siku hiyo huchaguliwa kwenye kalenda ya siku njema na kutangazwa mtaa mzima. Ya Natsume ilichaguliwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu Dada Itosumi, ambaye angekunywa naye kikombe cha udada na kumgawia nusu ya jina lake, alikuwa anaacha kazi mwisho wa mwezi. Alikuwa anaolewa na daktari wa meno wa Kobe. Jumapili ikipita, siku njema nyingine ilikuwa mwaka mpya, na Itosumi angekuwa ameshaondoka. Natsume angekabidhiwa dada mwingine wa nyumba nyingine, na jina jingine. Na tangu alipofika kwetu alikuwa amemfuata Itosumi kama uzi unavyofuata sindano.

Sasa alikuwa amefanya nini? Katika kabati la Mama kuna kopo la zamani lenye unga wa kinyesi cha ndege kurumbiza, kilichoanikwa juani, kikasagwa na kuchekechwa. Geisha wa zamani waliondolea nao rangi nyeupe usoni, na ngozi ikabaki inang'aa. Unachukua kidogo tu, unakoroga na maji, unapaka, unasuuza palepale. Natsume alilikuta kopo lile akapiga hesabu zake mwenyewe: kama dakika moja inang'arisha, usiku mzima utamfanya lulu. Jumanne akajipaka uso wote, akalala chali kwenye mto wake wa mbao, ule wa kulinda msuko wa nywele, ametulia kama alivyofundishwa, asipoteze hata punje.

"Umelala na mavi ya ndege usoni," Dada Itosumi alimwambia alipomwona asubuhi. "Usiku kucha."

"Nilitaka uso wangu usikuaibishe, Dada."

"Basi umekuwa kaa aliyechemshwa."

Halafu Itosumi akaketi chini kwenye mkeka na kumshika mkono. Alikuwa anacheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

Nilimfungulia yule mzee. Alikuwa mfupi, mpana, amevaa viatu vya mpira vya shambani. Kofia alikuwa ameshaivua, na mvua ilimteremka kwenye kipara.

"Samahani, binti. Hapa ndipo kwa Natsume? Mimi ni Genzo, babu yake. Nimetoka Echizen."

Nyuma yangu nilimsikia Mama Kikuno akivuta pumzi.

"Karibu, mzee," alisema, akipiga magoti na kuinama kana kwamba hakuwahi kumwita mtu mlevi maishani mwake. "Lakini siku yenyewe ni Jumapili."

"Najua, Mama. Nimekuja mapema. Siziamini treni."

"Treni zetu hazichelewi."

"Ndiyo. Sasa nimefika, sina wasiwasi nazo tena." Aliiweka chupa chini kwa mikono miwili. "Na hii si pombe, msinifikirie vibaya. Pombe niliimaliza mwaka juzi. Haya ni maji ya dodoki."

Alitueleza akiwa bado amesimama mlangoni panapovuliwa viatu. Mdodoki wake umetambaa nyuma ya ghala. Majira ya majani kupukutika yakifika, yeye huukata mti karibu na ardhi, akakitumbukiza kikonyo kwenye mdomo wa chupa, na mti hulia usiku kucha mpaka chupa ijae. Marehemu mke wake alinawia maji hayo siku zote za maisha yake. "Alizikwa na miaka sabini na mitatu, Mama, na uso kama yai lililomenywa. Nikasema mjukuu wangu naye asikose."

Mama Kikuno alinitazama, nami nikamtazama. Ilibidi tumwambie. Mama alimsimulia kwa upole, akipitapita juu ya lile neno la kinyesi kama mtu anayeruka dimbwi. Mzee Genzo alisikiliza mpaka mwisho.

"Usiku mzima?" aliuliza.

"Mzima."

"Huyo ni bibi yake mtupu. Naye alikuwa akitia chumvi mara mbili ili chakula kiwe kitamu mara mbili."

Kwa desturi, ndugu hawamwoni msichana mpaka siku yake ifike, na hata bila desturi hiyo Natsume alikuwa ameshapiga kelele kutoka juu, "Asinione!" Lakini Mama ni mtu mwenye huruma, ingawa akisikia nimeandika hivyo atakana. Alimwita Natsume ashuke aketi nyuma ya mlango wa karatasi wa chumba cha mbele, na mzee akaketi upande huu. Kivuli cha Natsume kilionekana kwenye karatasi, kidogo, magoti yamekutana.

"Babu."

"Nani huyo? Sauti kama naijua, ila mwenyewe alikuwa hawezi kusema bila kiazi mdomoni."

"Babu, nimeharibu uso."

"Umeuharibu kiasi gani?"

"Kama kaa aliyechemshwa. Dada kasema."

"Mwezi huu kaa wa kwetu Echizen ni ghali sana. Bei yako imepanda."

Kivuli kilitikisika. Kwanza kicheko, kisha "Aa! Aa! Usinichekeshe, mashavu yanauma!" Mzee naye akacheka, halafu tukasikia pua ikivutwa.

"Babu, unalia?"

"Mafua."

"Babu!"

"Mafua ya treni."

"Unalia. Ulilia ndama alipozaliwa. Ulilia harusini kwa binamu Shigeo, picha zote umejifunika kofia. Unalia hata ukisikia redioni mpiganaji mieleka anastaafu."

"Yule alikuwa mtu mzuri sana."

"Nisikilize, Babu." Sauti ya Natsume ilibadilika. "Dada Itosumi anasema chozi likipita kwenye ule weupe hapazibiki. Linaacha mfereji, na mtaa mzima unauona. Jumapili nikikuona unalia, mimi siwezi kujizuia, unanijua. Niahidi."

Mzee alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa, yenye nyufa.

"Nimekuja ili nikuone," alisema.

"Njoo unione. Ila nisikuone ukilia. Niahidi, Babu."

"Haya. Hutaniona nikilia." Akainua kidole chake cha shahada, kinene kama mchi mdogo, akakigusisha kwenye karatasi palipokuwa na kivuli cha paji la uso la Natsume.

Mama Kikuno akakohoa. "Mzee. Karatasi hiyo tumeibandika juzi."

*

Daktari wa ngozi, ambaye yuko mtaa wa nyuma, alimtazama Natsume kwa muda mfupi kuliko tulivyotarajia. "Msiuguse," alisema. "Maji safi basi. Ngozi changa inajua njia ya kurudi nyumbani, ilimradi hamuisimamishi kila kona kuisalimia." Chupa ya mzee aliinusa, akamimina tone kwenye kiganja chake, akasema tujaribu kwanza mkononi, na kama hapatawasha, basi kidogo tu usoni, asubuhi na jioni.

Msiuguse! Kuna kazi ngumu kama hiyo katika mtaa wa watu wanaoishi kwa nyuso zao? Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imeenea. Mwenye nyumba ya chai ya kona alileta matango. Mwalimu wa ngoma alileta mwani, ulowekwe na kubandikwa mashavuni. Geisha mstaafu wa nyumba ya tatu, mwenye umri unaokaribia tisini na ngozi ambayo bado naionea wivu, alileta kifuko cha pumba za mchele alichokishona mwenyewe, na akakaa mlangoni akitaka kukisugua yeye binafsi. Mtu mwingine alileta asali. Mama Kikuno alipokea kila kitu kwa kuinama sana, akashukuru, akafunga mlango, akapeleka jikoni.

"Tutakula," alisema. Na kweli jioni tulikula matango kwa mwani, na asali tukaitia kwenye chai. Kifuko cha pumba tu ndicho alichokitundika bafuni, "kwa ajili ya siku za afya".

Mimi nilikuwa na chupa zangu dirishani, za dukani, nilizorudi nazo kutoka chuo kikuu cha Osaka pamoja na cheti changu na matumaini yangu. Niliteremka na moja iliyoandikwa kwamba hutuliza ngozi.

"Hata yako," Mama alisema kabla sijafungua mdomo.

"Mama, hii haina manukato."

"Minori, mwanangu, una moyo mzuri. Kauweke dirishani pamoja na chupa."

Maji ya dodoki aliyajaribu kwenye mkono wa Natsume, upande wa ndani. Hayakuwasha. Kisha akajaribu usoni mwake mwenyewe, kwa usalama. Kesho yake akajaribu tena, kwa usalama, na siku iliyofuata nilimkuta mbele ya kioo akijipapasa shavu, akaniambia usalama haujawahi kumdhuru mtu.

Nilikuwa nikipeleka yale maji juu. Natsume alikuwa ameketi dirishani na mikono ameikalia ili isijikune. Nadhani hicho ndicho kitu kigumu zaidi nilichowahi kumwona akifanya, kushinda hata kulala kwenye mto wa mbao. Dada Itosumi naye alikuwa ameacha kwenda kujaribu nguo za harusi, akakaa naye akimfundisha mambo yasiyohitaji uso. Siku moja niliwakuta Itosumi amempa mgongo, ameshusha ukosi wa kimono, na Natsume akitazama shingo yake.

"Siku za kawaida tunaacha miguu miwili," Itosumi alikuwa akisema. "Ngozi tupu, mistari miwili inayoshuka kutoka kwenye nywele, na kila mahali pengine weupe. Siku yako ni mitatu. Huwezi kuipaka mwenyewe, nitakupaka mimi."

"Kwa nini shingo inapambwa kuliko uso, wakati siioni?"

"Si yako wewe uione. Uso ni wa anayekukaribisha. Shingo ni ya anayebaki nyuma akikutazama unakwenda." Akapandisha ukosi wake. "Mimi nikiondoka mwisho wa mwezi, utaona yangu. Uipime vizuri kama sikukosea."

Natsume alikaribia kulia, akakumbuka chumvi ya machozi kwenye ngozi iliyochubuka, akajizuia. Itosumi akamfinya goti. "Umeona? Unaweza."

*

Wanaume hawalali katika nyumba yetu, kwa hiyo Mzee Genzo alipewa chumba ng'ambo ya kichochoro, kwa Mzee Rokusuke, muuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya. Rokusuke ni mjane, na kwa miaka mingi tulidhani hapendi watu. Kumbe alikuwa anasubiri mtu wa kumwamrisha.

Ijumaa nilikwenda kununua tofu, nikawakuta katikati ya duka. Genzo amesimama wima karibu na ukuta, kifua mbele kama askari. Rokusuke amejitwika ndoo kichwani, amejifunga taulo refu kiunoni likining'inia nyuma, na anatembea kwa hatua fupifupi kwenye sakafu yenye maji.

"Mimi ni Natsume," alisema kwa sauti nyembamba. "Ninapita. Ninakuja. Nimefika kwako. Babu, naomba baraka zako."

Midomo ya Genzo ilianza kucheza.

"Usilie! Itazame ndoo!"

"Naitazama."

"Fikiria kitu kingine. Fikiria kodi ya shamba."

"Nafikiria."

"Ninainama hivi. Ninapita zangu..."

Genzo akabubujika. Alilia kwa mabega, kwa kipara, kwa mwili wote, akajipangusa kwa aproni ya Rokusuke.

"Mimi nina miaka sabini na ndoo kichwani!" Rokusuke alifoka. "Huoni hata aibu?"

"Umetembea vizuri sana," Genzo alisema.

Walikuwa wamejaribu haradali ulimini. Walikuwa wamejaribu kujifinya paja. Rokusuke aliniambia, akinifungia tofu, kwamba alimwimbia hata nyimbo za kuchekesha, na mtu huyu akalia kwamba zimekwisha.

"Itabidi asisimame mbele," nilisema taratibu.

"Mimi nisisimame mbele?" Genzo aligeuka, bado ameshika aproni. "Binti, mtoto yule nimemlea tangu alipokuwa mrefu kama bata. Mama yake yuko Nagoya kazini, hawezi kupata ruhusa. Bibi yake hayupo. Akitoka mlangoni atatafuta mtu mmoja. Asiponiona je?"

Nilirudi nyumbani na tofu, na kipande cha ziada nilichopewa bure, nikimwombea yule mzee kwa kila mungu aliyenijia kichwani.

*

Jumamosi wekundu ulikuwa umeshuka. Ilibaki sehemu moja tu chini ya taya, upande wa kushoto, ambako ngozi ilikuwa bado na mikwaruzo kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa. Dada Itosumi aliigusa kwa mgongo wa kidole. Mama Kikuno alisimama nyuma yake.

"Rangi itashika?" Mama aliuliza.

"Mahali pote, ndiyo. Hapa, sijui."

"Ikibanduka njiani?"

"Itaonekana." Itosumi alifikiri. "Nitatumia nta laini ya kupaka chini ya rangi, ile ya msimu wa baridi kali, na nitaipasha mkononi muda mrefu. Tukivuta ngozi, imekwisha. Nisipoivuta, labda."

"Labda," Mama alisema, kama mtu aliyepewa mchele mbichi.

Jumapili mvua ilikuwa imekata. Kichochoro kilijaa wapiga picha tangu asubuhi, na ukutani kwetu zilining'inia karatasi kubwa za rangi zenye jina jipya, Itomari, zilizotumwa na marafiki wa nyumba. Jina lilikuwa nje tayari. Lilikuwa limebaki kupata mwenyewe.

Mimi nilishika kioo. Natsume alikaa kwenye mkeka, mabega wazi, nywele zimeshasukwa tangu jana, juu kama kilima cheusi. Itosumi alichukua kipande cha nta, akakifumba kati ya viganja. Kwa kawaida hukisugua kidogo tu na kuanza. Safari hii alifumba macho na kukaa. Tulisikia wapiga picha wakicheka nje, tukamsikia Rokusuke akiwafukuza mbele ya duka lake. Itosumi bado amekaa. Alipofungua viganja, nta ilikuwa imekuwa mafuta yanayometa, naye akaiweka usoni mwa Natsume bila kusugua. Aliibonyeza tu, kidogo kidogo, kama unavyomfariji mtu.

Kisha weupe, uliokorogwa kwa maji, kwa brashi pana. Paji la uso. Pua. Shavu la kulia. Shavu la kushoto. Brashi ilipofika chini ya taya, nilikisogeza kioo karibu zaidi.

Itosumi alipaka mara moja, akagongagonga kwa sifongo, akasubiri. Sote tulisubiri. Mama alikuwa ameinama mpaka pua yake karibu iguse sikio la Natsume.

Weupe ulikaa. Ulikaa kama theluji ya kwanza juu ya paa.

"Cheka," Itosumi aliamuru.

"Nicheke nini?"

"Kinyesi cha kurumbiza."

Natsume akacheka, na taya likacheza, na hakuna kilichobanduka. Mama Kikuno akaketi chini ghafla.

Yaliyobaki yalikwenda kwa furaha: wekundu kidogo pembeni mwa macho, rangi nyekundu kwenye mdomo wa chini peke yake, kwa kuwa mwaka wa kwanza maiko hajapata ruhusa ya mdomo wa juu. Mwisho Itosumi alihamia nyuma. Aliipaka shingo, akaacha miguu mitatu ya ngozi tupu, myembamba, iliyochongoka, na mkono wake haukusita hata mara moja. Alipomaliza alipuliza kidogo, kama anayepuliza chai.

Ndipo wakanywa kikombe chao. Dada kwanza, kisha mdogo wake. Natsume akawa Itomari.

Mvishaji wetu, Bwana Hisaoka, alimvika kimono cheusi na ule mshipi mrefu unaoshuka mpaka visigino, akaufunga kwa nguvu hadi Natsume akaguna. Mlangoni, Natsume alipopanda juu ya viatu vyake virefu vya mbao vyenye kengele ndogo ndani, Bwana Hisaoka alimgongea nyuma ya mgongo gumegume, jiwe la kutoa cheche, kumtakia heri. Cheche zikaruka kwenye giza la ukumbi. Mlango ukafunguliwa.

Mzee Genzo alikuwa amesimama ng'ambo, mbele kabisa, mbele ya duka la tofu. Alikuwa amevaa suti, sijui ya nani, yenye mikono mifupi mno kwake. Rokusuke alikuwa amemshika kiwiko. Mashavu yote mawili aliyabana ndani, na nilijua ana kitu kikali mdomoni, pengine tunda lile chachu tunalolichachua kwa chumvi.

Natsume alitoka. Kamera zililia pande zote. Aliinua macho, akamtafuta, kama mzee alivyosema angefanya.

Nami nilikuwa nikimtazama mzee. Niliona kidevu chake kikianza. Niliona Rokusuke akimbana kiwiko kwa nguvu. Mzee alifumba macho, akafumbua. Kisha, kabla macho ya Natsume hayajafika pale alipo, aligeuka. Aligeuka kabisa, akaukabili ukuta wa duka la tofu, mikono ameinyoosha ubavuni.

Bwana Hisaoka alikuwa akimwongoza Natsume kwenda nyumba ya kwanza ya kusalimia. Lakini Natsume aliomba kitu kwa sauti ndogo, nao wakakatiza kichochoro. Kengele za viatu zikakaribia ule mgongo mpana uliobana suti.

"Mimi ni Itomari," alisema, kama anavyopaswa kuwaambia watu wote siku hiyo. "Naanza leo. Naomba mnitunze."

Mzee hakugeuka. Aliinua mkono mmoja juu, kiganja wazi, kama anavyopunga mtu aliye shambani kwa mtu aliye barabarani.

"Nenda, mama," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Nenda, umechelewa."

Natsume aliuinamia ule mgongo, chini sana, muda mrefu kidogo kuliko desturi. Alipoinuka nilimtazama usoni kwa hofu. Midomo ilikuwa imekaza, macho yanang'aa. Weupe ulikuwa mzima, hadi chini ya taya. Akaondoka, kengele zikilia, Dada Itosumi nyuma yake.

Mzee alisikiliza mpaka sauti za kengele zikapita. Hapo tu ndipo alipogeuka, na Natsume alikuwa ameshampa kisogo. Aliona kilima cha nywele, ukosi uliovutwa chini, na ile miguu mitatu ikishuka kwenye weupe, safi, mpaka wapiga picha walipoifunika.

Machozi yalimteremka, naye akayaacha.

Nilivuka kichochoro. "Babu, bado ana nyumba nyingi za kusalimia. Tukipita kwa nyuma utamwona uso akivuka daraja la mtaa."

"Kwa macho haya?" Alicheka huku analia, akatema kokwa ya lile tunda kwenye kiganja. "Ataniona, binti. Nimeahidi."

"Basi nitakutumia picha."

"Picha zitanisubiri." Alikuwa bado anatazama pale kona alipopotelea. "Nani kampaka shingo?"

"Dada yake."

Mzee Genzo aliinama kuelekea kona ile, ambako hapakuwa na mtu tena, akakaa hivyo, na Rokusuke akamsubiri akiwa ameshika aproni.